Tangazo Halijafika

Mume wangu anaitwa Mbiu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila hata mimi nikilitumia anageuka kutazama kama kuna mgeni mlangoni. Ana baiskeli, betri, na spika moja kubwa aliyoifunga mbele ya usukani, na kazi yake ni kuujulisha mji wetu mdogo mambo yake: mtoto amepotea, mtoto amepatikana, maji yatakatwa, duka la fulani limehama, fulani amefariki. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Huyu wangu akilia, kuna jambo na kuna utani juu yake, maana hawezi kusema kitu kikavu. Ukimpa maneno yako anayatafuna kwanza, na akishayaelewa ndipo anayatoa kwa namna yake.

Na akikosea, hufuta. Watu husema neno likitoka halirudi. Mbiu anasema la kwake hurudi, mradi alifuate mwenyewe. Tangazo likiwa na kosa, hupanda baiskeli akapita njia zile zile alizopita, ila kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na kila alipolisema hulikanusha kwa sauti ile ile. Eti ukianza tena mwanzo, wale wa mwisho watakaa na uongo muda wote huo wewe ukisimama njiani kunywa maji. Kuna siku alitangaza kifo cha seremala mstaafu wa mtaa wa juu, kumbe mzee kalala kwa binti yake na simu kaizima. Mbiu alimpakia marehemu mwenyewe nyuma ya baiskeli, wakauzunguka mji kutoka mwisho hadi mwanzo, mzee akipunga mkono kama bwana harusi. Wengine walilia kuliko walivyolia walipoambiwa amekufa.

Mimi na mama yangu tunashona kwenye Uchochoro wa Mafundi, nyuma ya soko. Upande mmoja kuna meza za cherehani, upande wa pili fundi viatu, fundi saa na mtengeneza miavuli, juu mabati, na katikati njia ya watu wawili kupishana kama hawana ugomvi. Mama ndiye mkongwe wa pale. Yeye anakata na kushona, mimi natia vifungo na kupinda mapindo. Utoto wangu niliulala chini ya meza ile, juu ya vipande vya nguo za watu, na baba alipofariki ni meza ile iliyotulisha. Kwa hiyo mtu akiniambia uchochoro ni vibanda tu, huwa namtazama kwanza kabla ya kumjibu.

Mama alimpenda Mbiu kuliko alivyonipenda mimi, wala sioni aibu kulisema. Tukigombana nyumbani, kesi ikifika kwake nimeshashindwa kabla sijakaa. Aliishonea spika yake koti la turubai lenye vifungo na kola ili isinyeshewe, na hakuna mtu mwingine mjini ambaye chombo chake cha kazi kilivaa vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Sasa, baraza la mji wetu lina utaratibu wake wa zamani. Kila kikao kinachoamua jambo la watu hufunguliwa na mtangazaji. Anasimama mlangoni mwa ukumbi, mwenyekiti anamuuliza mbele ya wote, "Tangazo limefika?" naye anajibu, "Limefika." Asipojibu hivyo, kikao hakifunguliwi. Waliouweka utaratibu huo walijua walichokuwa wanaogopa. Lakini uliulizwa na kujibiwa miaka mingi mpaka ukawa kama kukohoa kabla ya kuongea, na hakuna aliyeusikiliza tena, hata mume wangu.

Siku moja katibu wa baraza alimwita Mbiu akampa maneno ya kutangaza. Yalikuwa hivi: "Baraza linakusudia kuridhia uboreshaji wa matumizi ya ukanda wa huduma katika kitalu cha pili, na wenye maoni wanakaribishwa ukumbini."

"Ndiyo kusema nini, Katibu?" Mbiu akauliza.

"Soma kama yalivyo."

Katibu naye alikuwa na sababu. Mara ya nyuma Mbiu alipewa tangazo la usafi wa mitaro, akaongeza la kwake: kwamba wapo wakubwa wanaotupa taka mtaroni alfajiri wakiwa na kanga kichwani, na yeye anawajua kwa mwendo. Mke wa mwenyekiti alikaa wiki nzima hatoki nje. Tangu hapo amri ikawa moja, asome kama yalivyo, asiongeze chumvi wala sukari.

Basi akasoma kama yalivyo. Alipita mpaka uchochoroni kwetu, spika imefungwa vifungo vyake, akasema ukanda wa huduma, akasema kitalu cha pili, kila neno likitoka limenyooka kama suruali ya askari. Mama alisimamisha cherehani kumsikiliza.

"Leo mkwe wangu katangaza kiofisi," akasema. "Mmesikia? Watu wataboreshwa."

"Akina nani hao?" fundi viatu akauliza.

"Wa huko kitalu cha pili. Wana bahati."

Kikao kikafika, Mbiu akasimama mlangoni akaulizwa, akajibu limefika. Ukumbi ulikuwa na wajumbe na viti vitupu. Kwani nani aende kupinga kuboreshwa?

Baada ya hapo alikuja binti mmoja uchochoroni na sketi yake mkononi. Ni afisa mipango wa baraza, msichana mpole, bado ana ile haya ya watu waliotoka chuoni juzi. Akamwamkia mama, mama akaitikia, akampima kiuno. Akiwa amesimama pale mikono juu, akatazama mabati, akatazama cherehani, akasema kwa huruma kabisa:

"Na nyie Mama, mmeshapata pa kuhamia?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Kuhamia wapi, mwanangu?"

"Si hapa panavunjwa? Maegesho ya magari ya soko yanajengwa hapa. Nilidhani mmekubali, maana kwenye kikao hakuja mtu kupinga. Kesho kutwa ni kikao cha kuthibitisha tu."

"Hapa ndipo wapi?"

"Hapa, Mama. Kitalu cha pili." Binti aliona tulivyomtazama, akashusha mikono. "Lilitangazwa. Mkwe wako mwenyewe ndiye aliyetangaza."

Fundi saa alivua ile miwani yake ya jicho moja. Mama aliendelea kushika tepu ya kupimia kama vile kiuno cha yule binti bado kilikuwa ndani yake.

Na kama ilivyo ada ya mabaya, hapo hapo ndipo Mbiu akatokea na baiskeli yake, anapiga mluzi, amekuja kula. Mama hakumwita mkwe. Aliniambia mimi, kana kwamba yeye hayupo:

"Mume wako amefika."

Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akaifungua spika vifungo vyake, akaivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye droo ya cherehani na kuifunga. Kisha akakaa na kuanza kushona kitu ambacho hakikuhitaji kushonwa. Mbiu akabaki kaduwaa. Ilibidi nimweleze mimi. Nilimweleza kwa hasira, na nilipofika katikati nikaona uso wake ulivyoshuka, nikamalizia kwa sauti ndogo.

"Mama," akasema, "wallahi sikujua."

Mama akaijibu cherehani yake: "Heri kujikwaa kidole."

Kilichobaki cha methali hiyo, kuliko kujikwaa ulimi, hakukuwa na haja ya kukisema mbele ya mtu anayekula kwa ulimi.

Tulikwenda kwa katibu siku ile ile, mimi nikiwa nyuma ya baiskeli. Ofisi yake ni ndogo, feni haigeuki, na mafaili yamekalia hata kiti cha wageni, kwa hiyo mgeni husimama. Nilikwenda na maneno yangu makali mfukoni. Nilipomwona jinsi alivyochoka, kola imekatika na anakunywa chai iliyopoa, nikabaki nayo.

"Mbiu, mimi nami huletewa," katibu akasema. "Mipango wanaandika kwa lugha ya mipango, napeleka kwako. Na jambo lenyewe si baya. Unakumbuka yule mama mjamzito? Gari la wagonjwa lilikwama kwenye msongamano wa soko, akabebwa kwa mikono hadi zahanati. Magari lazima yapate pa kukaa."

"Jambo linaweza kuwa zuri," Mbiu akasema. "Lakini halikutangazwa."

"Ulitangaza wewe!"

"Nilipiga kelele. Nataka nilifute, nilitangaze upya kwa maneno ya watu."

Katibu akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Hilo si tangazo la seremala, ndugu yangu. La serikali halifutwi kwa baiskeli. Kesho kutwa njoo, useme limefika, uende zako. Na nikwambie kama rafiki, kuna kijana ana gari lenye spika nne juu anaililia kazi hii kila wiki. Mimi ndiye ninayemwambia asubiri."

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu akubali yaishe. Nasema ukweli wangu. Matangazo ya baraza ndiyo yanayotulisha, mengine ni ya kuongezea mboga. Nilimwambia aende akamwangukie mama miguuni, mama ana moyo, atasamehe, na tutatafuta pa kuweka cherehani, hata barazani kwetu. Nilikuwa naogopa kupoteza meza, na nilikuwa naogopa kupoteza meza na kazi kwa mpigo. Wapiganapo fahari wawili ziumiazo nyasi, na nyasi nilikuwa mimi.

Alisukuma baiskeli mpaka tukafika karibu na nyumbani.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Yule seremala, japo nilikosea, angalau nilielewa kwamba nasema amekufa. Hili nimelisema bila kulielewa. Nimepita mbele ya mama nikamtangazia kuvunjwa kwake, naye akanisifu."

Ile spika tupu ilikuwa inagonga usukani, tka tka tka, kwa sababu koti ndilo lililokuwa linaibana.

Siku ya kikao niliacha vifungo vya watu nikaenda. Mama alikataa. Alisema hana la kwenda kusikia, alishasikia. Mafundi wengine nao walinuna na kubaki, eti kikao cha kuthibitisha hakisikilizi mtu. Nilikaa kiti cha nyuma peke yangu. Wajumbe waliingia wakisalimiana, katibu akapanga mafaili, yule binti wa mipango akakaa pembeni na ramani yake, hanitazami. Mwenyekiti akaja mwisho. Ni mtu mnene, mcheshi, na lile koti lake mama amelitanua mara nyingi kadiri tumbo lilivyopanda cheo.

"Tangazo limefika?" akauliza, huku akitafuta miwani.

Mbiu alikuwa mlangoni. Nikamwomba Mungu mume wangu aseme limefika, na papo hapo nikamwomba asiseme, na sijui hadi leo ni ombi lipi nililolisema kwa moyo.

"Halijafika," akasema Mbiu.

Mwenyekiti alikuwa ameshainamia kitabu chake. Ikachukua muda neno kumfikia.

"Unasemaje?"

"Mheshimiwa, halijafika. Nilipita nalo mitaa yote, lakini halikufika kwa mtu. Halikufika hata kwangu niliyelibeba."

Katibu akanyanyuka. "Mheshimiwa, huyu tangazo alilisoma, na kikao cha kwanza alisema—"

"Nilisema limefika," Mbiu akasema. "Nilisema kwa mazoea. Leo nimeulizwa nikasikia swali."

Wajumbe wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema basi aitwe yule mwenye gari. Mbiu hakujibizana naye. Alimgeukia yule binti, akamwambia kwa upole, kama anavyowauliza wazazi wa mtoto aliyepotea alivaa nguo gani:

"Dada, nisaidie. Hayo maneno, ungekuwa unamwambia bibi yako jikoni, ungesemaje?"

Binti akatazama ramani. Akamtazama katibu. Kisha akasimama.

"Ningesema... tunataka kuvunja Uchochoro wa Mafundi, wote, ili magari yaegeshwe pale. Waliopo waondoke. Asiyetaka aje aseme."

Feni tu ndiyo iliyosikika, ya ukumbini inazunguka. Mwenyekiti alivua miwani polepole.

"Uchochoro upi? Huu wa hapa? Wa akina mama mshonaji?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndio ukanda wa huduma."

Nilidhani atafoka. Alishika ukingo wa koti lake, pale mama alipoongeza kipande mwaka jana, akalishika tu. Halafu akasema jambo ambalo nimemheshimu kwalo tangu siku hiyo, na sitalisahau.

"Mimi nilinyoosha mkono kulipitisha. Sikujua ni wapi. Niliona wenzangu wamekaa kimya, nikajua wameelewa, nikaona haya kuuliza peke yangu." Akawatazama wajumbe mmoja mmoja. "Kuna aliyejua?"

Wajumbe walitazama meza. Aliyetaka aitwe mwenye gari ndiye aliyeitazama kwa bidii kuliko wote. Binti wa mipango alikuwa na machozi. Alisema hakukusudia kuficha, ndivyo walivyofundishwa kuandika, na siku zote alidhani yeye ndiye mgeni na wote wengine wanajua. Katibu akakaa chini na kusema, "Basi tumefichana wenyewe kwa wenyewe," na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa amelibeba jambo hili kama mzigo asioujua ndani yake mna nini.

Kikao hakikufunguliwa. Mwenyekiti akamwambia Mbiu alifute tangazo kwa njia anazozijua, alitangaze upya kwa maneno ya yule binti, na watakutana wiki ijayo.

Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Mbiu aliizungushia spika mfuko wa nailoni, akaanzia mtaa wa mwisho kabisa, kule kwenye machinjio, akirudi mwanzo. "Lile nililosema mwezi uliopita, nalifuta! Sikulielewa, nanyi hamkulielewa, na waliolipitisha hawakulielewa! Sasa sikieni lenyewe." Kisha akalisema. Watu walitoka milangoni. Kwetu uchochoroni alifika karibu na mwisho, amelowa chapachapa, mfuko umepasuka. Akalisema mbele ya meza ya mama, neno kwa neno, vunja na ondoka, bila kupunguza. Mama alishona mpaka mwisho wa pindo. Hakuinua kichwa, na droo hakuifungua. Mbiu alingoja kidogo, akasukuma baiskeli akaenda mtaa wa kwanza kumalizia.

Usiku wangu sitausimulia. Niseme tu kwamba niligombana na wote wawili kwa zamu.

Wiki iliyofuata, ukumbi ulikosa pa kukanyaga. Fundi viatu alikuja na stuli yake mwenyewe. Wenye magari walikuja, wachuuzi walikuja, na alikuja yule mama aliyebebwa kwa mikono kwenda zahanati, na mtoto wake mgongoni, kusema kwamba yeye anayataka maegesho. Nikaona haya, maana nilikuwa nimeshamchukia mtu ambaye sijawahi kumwona, kumbe alikuwa yeye. Kwenye viti vya mbele walikaa wazee, na kati yao akaingia mama yangu, tepu shingoni, hakunisalimia, akakaa.

Mabishano yalikuwa marefu na nisikuchoshe nayo. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini hukawia. Mwishowe uchochoro ulikatwa upande mmoja, magari yakapata pa kukaa, na wa upande uliokatwa wakahamia upande wetu, kwa hiyo sasa fundi saa anatega sikio lake karibu kabisa na umbea wetu. Tumebanana. Meza ya mama ipo.

Ila ninachotaka kukwambia kilitokea kabla ya yote hayo, mwanzoni kabisa. Mwenyekiti alisimama, safari hii miwani ikiwa usoni, akautazama mlango.

"Tangazo limefika?"

Mbiu akafungua mdomo, akaufunga. Naona aliogopa. Mtu aliyeungua kwa neno moja hulishika tena kwa tahadhari. Watu wote waligeuka kumtazama, na yeye akawa anatazama visogo vya mstari wa mbele, kimoja kati ya hivyo.

Mama akasimama. Hakuulizwa yeye, na utaratibu haumruhusu.

"Limefika," akasema. "Mkwe wangu amelifikisha."

Katibu alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, na kikao kikafunguliwa. Mama hakukaa bado. Alikuwa amegeuka kule mlangoni, na kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, ambayo ukumbi mzima uliisikia, akasema:

"Na hiyo spika uilete kesho niivishe. Inatembea uchi kama mtu asiye na kwao."